Toka Kolwezi Hata Lubumbashi Ni Mwendo Gani?

Mwulizeni mtu ye yote wa Kolwezi swali hili: "Lubumbashi ni mbali gani?" Wachache watawajibu kwa kilomita. Dereva wa lori lililojaa shaba atasema, "Inategemea njia, huenda leo, huenda kesho." Mama mchuuzi aendaye kununua vitambaa atawatajia nauli. Mzee aliyefanya kazi katika reli atataja vituo kimoja kimoja kana kwamba anawahesabu wajukuu wake. Naye bwana mkubwa wa kampuni ya madini ataitazama saa yake na kusema, "Dakika arobaini." Hakuna hata mmoja aliyesema uwongo. Lakini jibu la mmoja likichukuliwa na kutumiwa katika shida ya mwingine, hapo taabu huanza, na taabu hiyo imewahi kuingia katika nyumba yetu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, basi mniruhusu nianze na ramani. Kolwezi iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 10 na dakika 43 hivi; Lubumbashi kwa nyuzi 11 na dakika 40. Tofauti yao ni dakika 57. Sasa wanafunzi washike neno hili: dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, na marubani wa ndege hupima mwendo wao kwa maili hizo mpaka leo. Kwa hiyo Lubumbashi iko kusini zaidi kwa kilomita 105 hivi. Tena iko mashariki zaidi kwa nyuzi 2 na dakika moja, na kwetu huku uzi mmoja wa longitudo ni kilomita 109. Jumla yake kilomita 220. Tumieni kanuni ya pembetatu yenye pembe mraba, mtapata kilomita 244 kwa mstari ulionyooka. Ukipima toka kiwanja cha ndege cha Kolwezi hata kile cha Luano, zinabaki 240.

Lakini barabara ni zaidi ya kilomita 300: kama 180 toka Kolwezi hata Likasi, na 120 nyingine toka Likasi hata Lubumbashi. Hizo 60 za ziada zimetoka wapi? Zimetoka katika shaba yenyewe. Madini yetu hayakulala katika mstari ulionyooka. Yamejipinda kama upinde toka Kolwezi, yakapita Fungurume na Kambove, yakafika Likasi, ndipo yakateremka kusini na mashariki. Reli, iliyofika Elisabethville mwaka 1910 na Bukama mwaka 1918, iliyafuata machimbo hayo, na barabara nayo ikafanya vivyo hivyo. Wajenzi hawakuuliza mama mgonjwa atapita wapi upesi. Waliuliza shaba iko wapi. Sisi tunaosafiri leo tunazunguka pamoja na madini, tupende tusipende.

Ndege, au ndeke kama tusemavyo kwetu, haizunguki. Ndege ya mapanga huenda kilomita 500 kwa saa ikiwa imefika juu. Ndege ya jeti huenda 800 au zaidi. Mwanafunzi mwepesi wa hesabu atagawanya mara moja: 240 kwa 500 ni dakika 29, 240 kwa 800 ni dakika 18. Haya, lakini hakuna abiria aliyepata kufika Lubumbashi kwa dakika 18. Sababu ni kwamba ndege hupata mwendo wake kamili inapokuwa juu, na safari fupi namna hii haiiachi ikae juu. Ikimaliza kupanda huanza kushuka. Tena huruka ikielekea upepo unakotoka, hata kama mji iendako uko nyuma yake, nayo hugeuka hewani; huko iendako hujipanga na kiwanja kabla ya kutua. Juu ya hayo, muda ulioandikwa katika ratiba hauhesabiwi tangu magurudumu yaachapo ardhi. Huhesabiwa tangu kabari zitolewapo magurudumuni mpaka zirudishwe huko ndege iendako. Kwa hiyo wenye ndege huandika dakika 45, au hata saa nzima, na jeti haipati faida kubwa kuliko ndege ya mapanga. Faida yake huonekana katika safari ndefu.

Liko na jambo la nchi yetu kuwa juu. Kolwezi iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya kimo hicho imepungua uzito wake karibu sehemu moja katika saba. Mabawa na mashine za ndege huishi kwa hewa hiyo. Wakati wa joto hupungua zaidi, nayo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, au kuacha mizigo chini. Ukiona siku ya Oktoba wanapima masanduku kwa ukali, usidhani ni uchoyo tu. (Uchoyo nao upo.) Kisha toka Novemba hata Machi mawingu ya ngurumo husimama kama ukuta wakati wa alasiri, na rubani mwenye akili hangoji kuambiwa, huyazunguka au hukaa chini.

Wazungu wenyewe wamejifunza jambo hili. Toka Brussels hata Paris, miji mikuu miwili ya Ulaya, mstari ulionyooka ni kilomita 264, karibu sawa na wetu. Zamani watu waliruka kwa ndege kati ya miji hiyo. Tangu Desemba 1997, reli ya mwendo wa kasi ilipokamilika, treni huwafikisha kwa saa moja na dakika ishirini na kidogo, nayo huwachukua katikati ya mji na kuwashusha katikati ya mji. Mwaka 2001 kampuni ya ndege ya Air France iliacha kurusha ndege zake katika njia hiyo, ikawapa abiria wake viti katika treni. Si kwamba ndege zilipungukiwa mbio. Watu walihesabu muda wa kwenda kiwanjani, wa kungoja na kupekuliwa, kisha wa kuingia tena mjini, wakaona kwamba hewani ni kipande kidogo tu cha safari.

Hata ndege ya kwanza iliyotoka Ubelgiji kuja Kongo inafundisha hivyo. Rubani Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925, wakafika Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Ni siku 51. Lakini ukijumlisha saa walizokuwa hewani, ni saa 75 na dakika chache. Basi kwa kila saa moja ya kuruka, walikaa chini saa kumi na tano, wakingoja hali ya hewa na matengenezo. Wabelgiji walimshangilia kwa zile 75, na walikuwa na haki. Mke wake nyumbani, nadhani, alihesabu zile siku 51.

Sasa niwaeleze ya nyumbani. Mama yangu aliteleza kisimani wakati wa mvua, akavunjika mfupa wa nyonga. Ilikuwa Jumatatu. Daktari aliyempokea hapa Kolwezi alitazama picha, akatuambia kwa upole kwamba upasuaji wake utafanyika vizuri zaidi Lubumbashi, kwa daktari wa mifupa, tena usicheleweshwe. Alitueleza sababu, nami nawaandikia kwa kuwa yaweza kumfaa msomaji mwenye wazazi wazee. Mzee aliyevunjika nyonga akilala siku nyingi bila kutengenezwa, si mfupa unaomwua. Mapafu yake hujaa, damu huganda miguuni, ngozi ya mgongo huoza. Ndiyo maana madaktari hutaka afanyiwe upasuaji katika siku ya kwanza au ya pili.

Yaya wangu, yaani ndugu yetu mkubwa, anakaa Kinshasa. Tulipompigia simu alisema, "Mnangoja nini? Mpandisheni ndege. Ni dakika arobaini na tano!" Alikuwa ameiona ratiba, nayo ratiba ilisema kweli. Alikuwa tayari kulipa, na kwa hilo namshukuru hata leo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kando ya kitanda na karatasi na kalamu, nikahesabu hivi. Saa ilikuwa tisa alasiri, Jumatatu. Ndege yenye nafasi ilikuwa ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Ikiruka kwa wakati wake, na tukipata gari Luano, Mama angefika hospitali saa saba mchana. Kutoka Jumatatu saa tisa hata Alhamisi saa saba ni saa 70. Kwa barabara tungeweza kuondoka Jumanne saa kumi na moja alfajiri. Tukienda polepole kwa ajili yake, saa saba za njiani, tungefika saa sita mchana. Jumla ni saa 21.

Saa 70 kwa ndege, saa 21 kwa gari! Nilimsomea yaya hesabu hiyo katika simu, akanyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama haiwezekani kupata ndege nyingine. Nilikuwa nimekwisha kuuliza. Tena mgonjwa wa namna hiyo hawezi kuketi. Lazima alazwe, na machela ndani ya ndege huchukua nafasi ya viti kadhaa, ambavyo vyote hulipiwa. Katika ndege ndogo hata mlango wenyewe haukubali machela kugeuzwa.

Mama naye alikuwa na neno lake. Mwezi wa Mei 1978 alikuwa bibi arusi mchanga hapa Kolwezi, wakati wa vita. Tarehe 19 ya mwezi huo alijificha chini ya kitanda, akaona kwa dirisha askari wa miavuli wa Ufaransa wakishuka toka katika ndege zilizowaleta toka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,300. Alikuwa ameona maiti njiani siku zilizotangulia. Tangu siku hizo mlio wa ndege ukipita chini humfanya aache alilo nalo mkononi. "Nitakwenda kwa ardhi," akasema, "ardhi naijua."

Tukakodi gari lenye nafasi ya godoro. Barabara ile imetiwa lami, na wazee wanaokumbuka hali yake ya kwanza, safari ilipomeza siku nzima na usiku wake, hutuona sisi wa leo kuwa watoto wa starehe. Lakini lami haikuondoa yote. Tulivuka daraja la Lualaba kabla ya mapambazuko. Baada ya hapo tulianza kuyakuta malori. Nchi yetu ya Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa yake hutoka katika jimbo hili la Lualaba. Nayo, pamoja na mabamba ya shaba, hupita barabara hii kwenda mpaka wa Kasumbalesa na bandari za mbali. Kila lori moja linayo haki yake. Yakiwa mia, mgonjwa aliyelala nyuma ya gari dogo hana haki tena. Karibu na Fungurume moja lilikuwa limeharibika katikati ya njia, na tulisimama dakika 50. Nilizihesabu, kwa sababu ni nyingi kuliko muda ule wa ratiba ya ndege.

Mama hakulia. Kila tulipokaribia shimo alisema tu, "Mwanangu, polepole," naye dereva, kijana ambaye hatukumjua kabla ya siku ile, alijibu kila mara, "Ndiyo, Mama." Nilijifunza kwamba kilomita zile 300 hazilingani urefu. Ile sehemu laini inayotoka Likasi ilipita upesi. Kuna mahali pengine, pengine urefu wake haufiki kilomita mbili, ambapo ningeweza kuapa kwamba tulitumia mchana mzima. Tulifika Lubumbashi saa sita na robo. Jumatano asubuhi alipasuliwa, yaani siku moja kabla ya ile ndege kuondoka Kolwezi.

Yaya alikuja toka Kinshasa siku hiyo hiyo ya Jumatano, na safari yake ilizua fumbo ambalo baadaye nililipeleka darasani. Toka Kinshasa hata Lubumbashi ni karibu kilomita 1,570, na ndege huchukua kama saa mbili na nusu. Mtu akiondoka Kinshasa saa nne asubuhi, saa ya ukutani Luano itamwonyesha saa saba na nusu mchana: inaonekana ametumia saa tatu na nusu. Akirudi, akiondoka Luano saa nane mchana, atafika Kinshasa saa tisa na nusu: inaonekana ametumia saa moja na nusu tu. Wanafunzi wangu walisema ni upepo. Upepo hupunguza au huongeza dakika, ni kweli, lakini hauwezi kula saa mbili nzima. Jibu ni kwamba saa ya kwetu mashariki iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja. Ratiba huandika saa ya kila mji, kwa hiyo asiyelijua jambo hili atapata majibu mawili yasiyopatana kwa njia ile ile. Nawaomba wazazi wanaowapokea wageni kiwanjani waliangalie, hasa wanaotoka mbali kwa miguu.

Mama alikaa Lubumbashi wiki tano. Siku ya kurudi tuliandaa gari tena, nasi tulikuwa na yule dereva mpole. Ndipo alipotushangaza. "Barabara ile haitaiona nyonga yangu tena," akasema. "Nipandisheni hiyo ndege yenu." Sasa aliweza kuketi, akitembea kwa magongo mawili, na yaya alikuwa ameacha fedha. Nauli ya mtu mmoja ilizidi ile ya basi mara kadhaa. Nilikwenda naye, na sitaficha kwamba tulikula ugali mkavu mwisho wa mwezi ule.

Alikaa dirishani akiwa amenishika mkono. Mashine zilipoanza kunguruma alifumba macho, na vidole vyake vikakaza mpaka tulipopita mawingu ya kwanza. Kisha alifumbua, akatazama chini, wala hakufumba tena. Nilimwonyesha vile vilima visivyo na miti vilivyotawanyika katikati ya msitu: udongo wake una shaba nyingi mno, miti haipendi, majani tu ndiyo yanayostahimili. Wazee wetu waliwahi kuyatambua machimbo kwa ishara hiyo. Tuliuona Lualaba, mwembamba kama mkanda. Tuliyaona mashimo ya migodi na ngazi zake za duara. Mama alitaka kujua barabara iko wapi, nilipomwonyesha ule uzi wenye malori aliguna tu.

Aliniagiza niiangalie saa. Tangu magurudumu kuacha ardhi ya Luano mpaka kugusa ardhi ya Kolwezi zilikuwa dakika 36. Lakini tulikuwa tumetoka katika mlango wa hospitali saa mbili asubuhi, tukangoja, tukapimwa, tukangoja tena, maana ndege ilichelewa; na tulipotua tulikaa tukisubiri mzigo, kisha gari. Tuliingia katika mlango wa nyumba yetu saa nane mchana. Ni saa sita. Majirani walipokuja kumpa pole walimwuliza safari ilikuwaje, naye akawajibu, "Dakika thelathini na sita." Akawaambia hivyo wote waliokuja wiki ile.

Wanafunzi wa darasa langu niliwapa safari hizo mbili wazifanyie hesabu. Kurudi kwa ndege, mlango kwa mlango: kilomita 240 kwa saa sita, ni kilomita 40 kwa saa. Kwenda kwa gari: zaidi ya 300 kwa saa saba na robo, ni kama 41. "Basi gari lilikuwa na mbio kuliko ndege!" akapiga kelele mmoja wa nyuma. Msichana anayekaa karibu na mlango akasimama akakataa. Akasema barabara imezunguka, na mgonjwa hakwenda Lubumbashi ili azunguke. Inafaa tugawanye 240 katika safari zote mbili, na hapo gari litapata 33 tu. Mwingine akasema kwamba nyonga ilipita katika zile 300 zote, basi zihesabiwe zote. Darasa likagawanyika, nami sikuwakataza, mpaka kengele ikalia.